Maswali na majibu: Gari la mkononi lenye raha, lisilomaliza mshahara

Maswali ya safari hii yanafanana. Watu wanataka gari la mkononi lisilosumbua, lakini wakikaa kwenye usukani wasione kama wamekaa kwenye kochi la mapokezi. Haya ndiyo tuliyojibu.

SWALI (Sinza): Nina milioni 12 taslimu. Kazi yangu ipo Posta, wikiendi nashuka Kigamboni au Bagamoyo. Toyota IST kila mtu anayo, nataka kitu chenye raha kidogo. Lakini sitaki kuwa mteja wa kudumu wa gereji. Ninunue nini?

JIBU: Kwanza usinunue gari la milioni 12. Tafuta la milioni 10, hizo 2 ziweke pembeni. Gari la mkononi huanza kudai siku ileile ya kwanza: oili na filta, plagi, oili ya gia, kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), pedi za breki, pengine tairi mbili, halafu kuhamisha umiliki na bima. Anayeacha shilingi yake ya mwisho kwa muuzaji ndiye unayemkuta miezi sita baadaye anaendesha huku taa ya injini inawaka, anasema "ni sensa tu".

Pili, raha ya Dar haitoki kwenye nguvu nyingi. Kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na panapoisha foleni panaanza matuta. Utakachokisikia kila siku ni wepesi wa gari, usukani unaoitikia, breki zinazoshika na kona zisizolala upande. Kwa hiyo tafuta gari jepesi, la kilo 1,000 na ushee.

Chaguo letu ni Toyota Vitz RS yenye chasisi NCP91. Injini yake ni 1NZ-FE ya cc 1,500, familia ileile iliyo kwenye IST ya NCP61, kwa hiyo spea za injini unazipata Gerezani kwenye duka la tatu ukikosa la kwanza. Vali zake zinaendeshwa kwa mnyororo, si kwa taimingi beliti, yaani mkanda wa raba wa kubadilishwa kwa muda wake. Ukipata ya gia 5 za mkono, usiiache. Tahadhari moja: nembo ya RS inauzwa kama stika. Soma kibati cha gari, kile cha kiwandani chenye namba ya chasisi. Kikisema SCP90 hiyo ni Vitz ya cc 1,300, na KSP90 ni ya cc 1,000 yenye silinda 3. Nembo ya nyuma isikusumbue, namba haidanganyi.

Suzuki Swift Sport ya ZC31S, cc 1,600 na farasi 125, ni tamu zaidi kwenye kona kuliko Vitz. Tatizo ni kwamba shokapu na bampa zake hazilingani na za Swift ya kawaida, na ukigongwa unaweza kusubiri spea hadi usahau rangi ya gari lako. Kama ndilo gari lako pekee, baki na Toyota.

Na usiidharau hiyo IST. IST yenye bushi (raba za viungo vya miguu ya gari) mpya, shokapu nzima na tairi nzuri nne ina raha kuliko RS iliyochoka.

SWALI (Tabata): Dalali ananiambia gari ni "namba D, kilomita 68,000, lilikuwa la mama mmoja analitumia kwenda kanisani tu". Nitajuaje ukweli?

JIBU: Huyo mama anamiliki magari mengi sana hapa mjini.

Herufi kwenye kibao zinaonyesha gari limesajiliwa Tanzania kwa zamu ipi. Hazisemi limetengenezwa lini. IST ya mwaka 2004 iliyochelewa kuingia nchini inaweza kuwa na namba D, na jirani yake ya 2006 ikawa na namba C. Namba D inapandisha bei sokoni, lakini haipunguzi umri wa bushi. Angalia mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, halafu linganisha namba ya chasisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi. Rangi nayo: kibati kina msimbo wa rangi ya kiwandani. Kama kadi inasema fedha na gari ni jeusi, uliza lilipigwa wapi.

Kilomita zipigie hesabu. Gari la 2004 lenye kilomita 68,000 kwa miaka 20 ni wastani wa 3,400 kwa mwaka. Mtu wa Sinza anayekwenda Posta na kurudi, kama kilomita 20 kwa siku, anamaliza 5,000 kwa siku 250 za kazi tu, hajaenda hata harusini. Kisha tazama vitu ambavyo mrudisha kilomita huvisahau: raba ya pedali ya breki iliyolika upande mmoja, usukani unaong'aa panaposhikwa, ukingo wa kiti cha dereva uliobonyea upande wa mlango, swichi ya kioo cha dereva iliyofutika alama. Kilomita 68,000 haziwezi kuila pedali hadi chuma kionekane.

SWALI (Mbezi): Fundi wangu anapima kwa mashine, ikikosa kusoma tatizo anasema gari ni zima. Inatosha?

JIBU: Haitoshi, mkuu. Makosa hufutwa kwenye kompyuta ya gari kwa dakika moja kabla hujafika. Isitoshe, magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 hayaelewani na vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyoungwa na simu. "Hakuna tatizo" inaweza kumaanisha mashine haikusikia chochote.

Fanya hivi. Mwambie muuzaji asiliwashe gari mpaka ufike, na ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, jua kuna kitu kimefichwa, mara nyingi ni injini isiyowaka vizuri ikiwa baridi. Fungua rejeta kabla ya kuwasha, kamwe si baada. Unataka kulanti ya rangi, nyekundu au kijani. Maji ya kahawia ni kutu: gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba, na kutu hiyo imeshafika kwenye pampu ya maji na mishipa ya rejeta.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa za injini, ABS, eabegi na oili zote lazima ziwake, kisha nyingine zizime zenyewe. Taa ya injini isiyowaka hapo si dalili ya uzima, ni balbu iliyotolewa. Sasa washa. Mnyororo ukipiga kelele sekunde moja au mbili si neno, ukiendelea ni injini iliyokosa oili safi muda mrefu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, iwe ringi au sili za vali. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoingia kwenye silinda, yaani gasketi ya silinda hedi. Kwa joto la Dar usikubali kuambiwa ni umande.

Halafu kuna hili la termostati, vali inayozuia kulanti isiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kwetu ni ugonjwa wa mji. Gari likichemka, fundi anang'oa termostati "ili injini ipoe". Inapoa kweli, inapoa kupita kiasi. Kompyuta inadhani injini bado haijapata moto, inaendelea kumwaga petroli ya ziada, oili haifikii joto lake, na wewe unalalamika kwamba IST inakula mafuta kama lori. Termostati ya 1NZ-FE hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Mashine inayosoma vizuri, baada ya dakika 15 barabarani, inapaswa kuonyesha kati ya 80 na 95. Ikionyesha 65 ukiwa unatembea, haimo. Angalia na feni: liache gari likiunguruma bila AC, feni iwake na kuzima yenyewe. Feni inayoanza kuzunguka pale tu unapofungua swichi imeungwa moja kwa moja, kuficha kuchemka.

Gia otomatiki: toa N weka D huku umekanyaga breki. Ikichelewa zaidi ya sekunde moja, au ikishtuka kwa kishindo, imechoka. Kwenye CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia, jaribu kuondoka taratibu kwenye mwinuko, milima ya Goba inafaa. Likitetemeka wakati wa kuondoka, kama Honda Fit nyingi za kizazi cha kwanza, punguza bei sana au ondoka. Uliza pia oili gani imewekwa. CVT inataka oili yake mahsusi, kwa sababu mkanda wake wa chuma unafanya kazi kwa kung'ang'ania. Ukiweka oili ya gia ya kawaida, mkanda unateleza na kujichimba.

Mwisho pita barabara mbovu kwa mwendo wa kilomita 15, redio imezimwa. Tok-tok nyepesi ni stabilaiza linki, kitu cha bei ndogo. Kishindo kizito unapokanyaga breki ni bushi za loa amu. Taka-taka-taka ukikata usukani hadi mwisho ni sivi jointi. Na vuta mkanda wa usalama wote mpaka mwisho wake. Ukikuta mstari wa tope, gari limewahi kuoga mafuriko ya Jangwani wakati wa masika, na nyaya zake zitakusumbua miaka mitatu ijayo.

SWALI (Kinondoni): Kwa bajeti hiyohiyo naona Toyota Altezza na Mark X. Mnazionaje?

JIBU: Zinavutia, na ndiyo maana zinauzwa upesi na wanaozimiliki.

Altezza ni mbili tofauti. AS200 ina 1G-FE, silinda 6, cc 2,000, laini lakini si ya haraka kama sauti yake. RS200 ina 3S-GE, farasi 210 kwa ile ya gia za mkono. Zote mbili zinatumia taimingi beliti, na muda wake ni kilomita 100,000. Kwa 3S-GE ikikatika, vali zinakutana na pistoni na injini imekwisha. Muuzaji asipokuwa na ushahidi wa lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa, na weka pembeni fedha ya beliti, tenshena na pampu ya maji kwa pamoja.

Mark X ya kwanza, GRX120, ina 4GR-FSE ya cc 2,500. Petroli inapuliziwa ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo haisafishi vali za kuingiza hewa, na masizi yanajenga ukuta. Dalili ni kutetemeka asubuhi na kumisi. Dawa ni kufungua menifoldi na kusafisha vali kwa mkono, si chupa ya kumwaga kwenye tangi. Ni gari zuri kwa safari ya Dodoma. Kwa foleni ya Mwenge ni kuchoma hela.

SWALI (Ubungo): Gia za mkono kwenye foleni si mateso?

JIBU: Ni mateso kama klachi ni nzito. Kwenye gari dogo ni nyepesi, unazoea wiki mbili. Pima klachi hivi: weka gia ya nne ukiwa kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Injini ikipandisha sauti bila mwendo kuongezeka, inateleza.

SWALI (Temeke): Nikishalinunua nataka rimu za inchi 17 na kulishusha kidogo.

JIBU: Tairi ya 185/65R15 ina ukuta wa milimita 120. 205/45R17 inakupa 92. Hizo milimita 28 ndizo zilizokuwa zinapigana na mashimo ya mtaani kwako. Sasa zitapigana rimu na bushi. Tia tairi mpya za saizi ya kiwandani, soma tarehe ubavuni (2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024), na usikate springi.

SWALI (Mbagala): Gari limenifaa. Nisipigwe wapi kwenye karatasi?

JIBU: Dada, jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayepokea fedha. Dalali asiye na kadi mkononi anauza maneno. Kabla ya kulipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa makosa ya barabarani, kisha kwenye mfumo wa maegesho, na ule wa TIRA wa bima. Madeni hufuata gari, na atakayesimamishwa nayo ni wewe. Andikisheni mkataba wa mauziano kwa wakili, lipa kwa benki ili ibaki kumbukumbu, na mwende TRA pamoja kuhamisha umiliki, kila mmoja na namba yake ya mlipakodi (TIN). Muuzaji akisema "hamisha ukipata nafasi", bakiza sehemu ya fedha mpaka kadi yenye jina lako itoke.