Maswali na Majibu: Kupima Nguvu ya Antioksidanti katika Damu

*Mimi ni mwanafunzi wa maabara hapa Moshi. Kipimo cha FRAP hufanyaje kazi?*

Njia hiyo ya kupima antioksidanti (vitu vinavyokinga mwili dhidi ya molekuli haribifu ziitwazo radikali), iliyochapishwa na watafiti Benzie na Strain mwaka 1996, hutazama uwezo wa plazima (sehemu ya majimaji ya damu) wa kugeuza ioni za chuma zenye chaji tatu kuwa zenye chaji mbili ndani ya mchanganyiko wenye pH 3.6. Kadiri zinavyogeuka ndivyo rangi ya buluu inavyokolea, nayo husomwa kwa spektrofotomita kwenye nanomita 593. Ni kipimo cha haraka na cha bei nafuu, ila huipita glutathioni, antioksidanti ya ndani ya chembe, karibu bila kuiona.

*Sampuli zetu za Arusha, zilizotolewa kwa mirija ya kifuniko cha zambarau, zinasoma chini mno. Kosa ni la mashine?*

Kabla ya kuilaumu mashine, utazameni mrija: una EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, ambayo huikamata chuma ileile inayotegemewa na FRAP. Tumieni seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) au plazima ya heparini, kizuia-kuganda kingine, na sampuli ambayo chembe zake nyekundu zimepasuka itupwe.

*Shikamoo Daktari. Baba yangu, mkazi wa Machame, ana jongo, na tuliposhiriki utafiti majibu yake ya FRAP yalizidi yangu. Je, ana afya kuliko mimi?*

Marahaba, mwanangu. Hapana, na hapa ndipo wengi hupotoka. Takriban asilimia 60 ya thamani ya FRAP katika plazima ya mtu mwenye afya hutokana na asidi ya yuriki, ambayo ndiyo hiyohiyo inayojikusanya kwenye viungo vya mwenye jongo. Figo zikishindwa kuitoa, au mtu akizidisha nyama na pombe (mbege haikusamehewa), namba hupanda ingawa mwili unaumia. Kwa maoni yangu, jibu lisiloambatana na kiwango cha yuriki halifai kupewa mgonjwa.

*Muuza virutubisho mjini Arusha anasifia unga wenye ORAC kubwa. Niununue?*

Usiununue kwa sababu hiyo. ORAC ni kipimo kingine cha antioksidanti: hupima jinsi sampuli inavyoikinga fluoreseini (rangi inayong'aa) dhidi ya radikali za peroksili kwenye nyuzi joto 37 za Selsiasi, lakini kinachotokea ndani ya kipimo si lazima kitokee baada ya chakula kupita tumboni. Wizara ya Kilimo ya Marekani ililiondoa jedwali lake la ORAC za vyakula mwaka 2012, ikieleza kwamba wafanyabiashara walikuwa wakilitumia vibaya.