Kumwandikia barua ya mapendekezo mwombaji wa chuo kikuu aliye mtu mzima

Mtu mzima anapokuomba umwandikie barua ya mapendekezo ya kujiunga na chuo kikuu, fomu utakayopewa aghalabu huwa imetungwa kwa kumfikiria kijana anayetoka shuleni. Itakuuliza kuhusu mwenendo wake darasani na alama anazotarajiwa kupata, ilhali wewe unamfahamu kama karani wa stoo, fundi, au mwanafunzi wa madarasa ya jioni ambaye mara ya mwisho kuingia kwenye chumba cha mtihani ni zamani sana. Nimeandika barua za namna hii nikiwa mwalimu wa madarasa ya jioni, na nyingine nikiwa msimamizi kazini, na nimeamini jambo moja: barua inayomsaidia mwombaji wa aina hii ni ile inayoonyesha jinsi akili yake inavyofanya kazi sasa, kwa mambo ambayo mwandishi ameyaona kwa macho yake.

Kabla ya kukubali, jiulize kama wewe ndiye unayefaa. UCAS, chombo kinachoratibu maombi ya shahada ya kwanza nchini Uingereza, hakikubali barua ya ndugu, rafiki, mwenzi wala mwenzi wa zamani, na vyuo vya kwingineko vina masharti yanayokaribiana na hayo. Mwalimu aliyemfundisha mwombaji miaka ishirini iliyopita anaweza kuwa mtu wa heshima kubwa, lakini atakachokieleza ni kijana ambaye hayupo tena. Kama mwombaji amesoma kozi yoyote hivi karibuni, hata fupi, aliyemfundisha huko ndiye wa kwanza kufikiriwa. Kama hajasoma, msimamizi wa kazi anayeziona kazi zake za kila siku anatosha kabisa.

Ukikubali, muombe akuletee maelezo binafsi aliyoyaandika kwa ajili ya maombi, maelezo ya kozi anayoiomba, na vyeti vyake vyote, vikiwamo vile anavyovionea haya. Kisha kaeni mzungumze. Muulize kwa nini kozi hii na kwa nini sasa, na umwache aongee bila kumkatiza, kwa maana watu wazima wengi hawajui kwamba wanayoyafanya kazini yana thamani mbele ya chuo, na hawatayataja mpaka waulizwe.

Hapo ndipo kiini cha barua kinapopatikana. Mama mmoja niliyemsimamia alikuwa akitunza stoo ya vifaa, na alitaka kusomea uhasibu. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba ni mchapakazi, mwaminifu na anayewahi kazini, na yote hayo yangekuwa kweli. Lakini afisa wa udahili husoma maneno hayo katika barua nyingi kiasi kwamba hayamwambii tena chochote. Nilieleza tukio moja badala yake. Hesabu ya mwisho wa mwezi ilikuwa hailingani na leja, na wengi wetu tulishaanza kushuku wizi. Yeye alizichukua vocha za kutolea vifaa za miezi mitatu, akazipanga kwa zamu, akagundua kwamba zamu moja ilikuwa ikiandika katoni pale ambapo zamu nyingine iliandika kipande kimoja kimoja. Aliandika taarifa ya kurasa mbili yenye jedwali alilolichora kwa rula, akapendekeza namna moja ya kuandika, na tofauti ile ikakoma. Msomaji wa chuo ataona hapo mtu anayekusanya ushahidi kabla ya kuhukumu, anayepima dhana yake, na anayeweza kuyaeleza matokeo kwa maandishi, na hiyo ndiyo kazi atakayopewa katika mwaka wa kwanza.

Kwa mwanafunzi wa madarasa ya jioni, ushahidi bora huwa katika rasimu zake. Linganisha insha yake ya mwanzo na ya mwisho, useme kilichobadilika: je, alianza kutaja vyanzo vyake, je, hoja zake zilianza kufuatana, je, maoni uliyoandika pembeni aliyafanyia kazi au aliyapita tu? Mtu aliyekaa mbali na masomo kwa muda mrefu hupimwa zaidi kwa kasi ya kujifunza kuliko kwa mahali alipoanzia.

Alama mbaya za zamani zisifichwe, kwa sababu zimo kwenye fomu na chuo kitaziona. Sentensi mbili zinatosha: moja ieleze kilichotokea, nyingine ieleze alichokifanya tangu hapo. Lakini ugonjwa, ulemavu, msiba au matatizo ya nyumbani usiyaandike bila idhini yake, hata kama unaamini yatamsaidia. Ni maisha yake, na ana haki ya kuchagua nani ayajue.

Nasisitiza pia kwamba huruma isiibebe barua. Nimesoma barua zilizojaa taabu za mwombaji, watoto anaowalea na usiku anaokesha, na mwishoni sikujua kama anaweza kusoma kitabu kigumu akakielewa. Futa kila mahali ulipoandika “licha ya umri wake”. Huko Uingereza mtu huhesabiwa mwombaji mtu mzima kuanzia miaka 21 tu, kwa hiyo chuo kimewazoea. Majukumu ya familia yatajwe pale yanapothibitisha jambo, kwa mfano kwamba alikabidhi kazi zote kwa wakati huku akifanya kazi ya kutwa. Hiyo ni habari inayomhusu anayepanga ratiba za masomo.

Yaliyobaki ni ya kiutaratibu. Kwa waombaji wa kuanza masomo mwaka 2024 na kuendelea, UCAS imeigawa barua hii katika sehemu tatu, moja ikiwa ya mazingira yaliyoathiri masomo ya mwombaji, hivyo usiyarudie hayo katika sehemu nyingine. Mwombaji huko anaweza kuchagua hadi kozi tano na barua ni ile ile kwa zote, kwa hiyo usitaje jina la chuo. Kama kuna cheti anachoendelea kukisomea, alama utakazotabiri ziwe zile ambazo kazi zake zinaweza kuzithibitisha. Ukishaituma, mweleze mwombaji ni tukio gani umelisimulia, maana akiitwa kwenye usaili anaweza kuulizwa juu yake, na atahitaji muda wa kulikumbuka vizuri.