Kutoka .30-06 hadi 8×57: shingo ndiyo mtihani

Anayeanza kazi ya kugeuza ganda la risasi la aina moja liwe la aina nyingine hukimbilia kupima urefu wake. Urefu hauna shida, msumeno na tupa huumaliza. Kinachoharibu kazi ni unene wa ukuta wa shingo, ile sehemu nyembamba ya juu inayoshika kichwa cha risasi. Jicho halikuonyeshi, na mkono wa presi (mashine ya kusukumia ganda) haukuambii kitu.

Tuchukue ganda la .30-06 Springfield la Marekani tunalotaka kuligeuza kuwa la 8×57 la Mauser. Haya mawili ni ndugu: kitako cha yote mawili kina upana wa milimita 12, na kiwiliwili kinakaribiana sana. La .30-06 lina urefu wa milimita 63.3, la 8×57 lina 57. Ndiyo maana Wamarekani wengi wenye bunduki za Kijerumani zilizoletwa na askari baada ya Vita vya Pili vya Dunia walizoea kukata .30-06, maana maganda yake yalikuwa yamejaa kila mahali.

Kabla hujagusa chombo, mambo mawili. Kwanza sheria: leseni ya kumiliki bunduki si kibali cha kutengeneza risasi. Kule Ujerumani hata kushika baruti kunahitaji kibali chake peke yake. Usifanye kazi hii pasipo ruhusa ya nchi uliyopo. Pili, mtutu. Bunduki za mwaka 1888 zilitengenezewa vichwa vya risasi vyembamba, inchi .318; kuanzia 1905 Wajerumani wakahamia .323. Kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba hupandisha shinikizo kupita kiasi. Mpelekee fundi wa bunduki aupime. Usiyaamini maandishi ya juu ya chuma, kwa kuwa bunduki nyingi za 1888 zilibadilishwa baadaye.

Chagua maganda ya kiwanda kimoja yaliyofyatuliwa mara moja. Ondoa fataki (kiwashio kilicho kitakoni), safisha kwa maji ya sabuni, kausha. Usitumie king'arisho chenye amonia. Shaba njano ya maganda ni kama asilimia 70 shaba na 30 zinki, na amonia huipasua ikiwa bado ina mkazo wa kukunjwa. Jeshi la Waingereza kule India lililijua hilo kwa uchungu: risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa masika zilipasuka zenyewe.

Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, ukiacha milimita 58, halafu ondoa makombo ndani na nje ya mdomo. Paka mafuta ya lanolini kiasi cha kuteleza kwa kidole, kiwiliwili chote. Yakizidi begani, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, hayana pa kwenda, na ganda hutoka limebonyea. Yakipungua, ganda hukwama ndani ya dai (kalibu ya chuma inayolipa ganda umbo), na hapo hakuna kupiga nyundo: toboa tundu la fataki, likate hesi, funga boliti yenye washa, uvute ganda taratibu.

Sukuma ganda kwenye dai ya 8×57 kidogo kidogo. Shusha nusu, rudisha, geuza ganda, shusha tena. Bega linarudi nyuma karibu milimita 3. Kadiri dai inavyokaribia kugusa kishika ganda cha presi, jaribu kwenye chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa (fataki imetoka, baruti hakuna). Simama pale ambapo boliti ya bunduki inafunga ikiwa na mvutano mdogo tu. Ukizidisha, bega huachana na chemba. Ganda hurefuka likifyatuliwa na kukatika juu kidogo ya kitako baada ya mara chache. Kisha punguza urefu hadi 56.8.

Sasa shingo. Fikiria shaba imetoka wapi. Sehemu ya juu ya shingo mpya ni shingo ya zamani iliyopanuliwa, nyembamba. Sehemu ya chini ilikuwa bega la .30-06, nene zaidi. Kwa hiyo ndani, chini ya shingo, hubaki pete ya shaba. Kichwa cha risasi kikishushwa mpaka hapo hubanwa, shingo huvimba nje, na chemba haiiachi ifunguke. Kichwa kisichoachiwa hupandisha shinikizo hata kama baruti ni kidogo.

Kipimo rahisi ni hiki. Fyatua risasi ya kiwandani kwenye bunduki yako, chukua ganda lake, pima nje ya shingo. Ganda ulilotengeneza, likiwa na kichwa cha risasi ndani, lazima liwe dogo kwa angalau milimita 0.05 kuliko hilo, na ukipima karibu na bega usipate namba kubwa kuliko mdomoni. Ikizidi, toa pete kwa rima (kifaa cha kukwangua ndani ya tundu) au chonga nje ya shingo kwa zana ya kuchonga, ukipima kwa maikromita yenye ncha ya mviringo, si kalipa ya venia. Kipimo cha pili hufuata ufyatuaji wa kwanza: dondosha kichwa kipya cha risasi kwenye mdomo wa ganda lililofyatuliwa. Kikiteleza chenyewe, sawa. Kikikataa, shingo ilikuwa nene. Usipakie tena mpaka uirekebishe.

Kulainisha kwa moto hufanyika mwisho, ili bega lisikunjamane wakati wa kusukuma. Zungusha ganda kwenye moto wa gesi ukilenga shingo na bega, sekunde chache, mpaka rangi maalumu ya kupimia joto la nyuzi 400 za Selsiasi, iliyopakwa shingoni, ibadilike. Wazee walifundisha kusubiri wekundu. Hapo umeshachelewa, shingo imekuwa laini kama karatasi na haishiki risasi. Kitako kisilainike kamwe, ndicho kinachozuia gesi kurudi usoni. Simamisha ganda kwenye maji yaliyofika katikati. Kulitumbukiza baadaye hakuiongezei shaba ugumu wala ulaini; kunazuia tu joto lisifike kitakoni.

Kabla ya kupakia, jaza ganda maji na pima uzito wa hayo maji ukilinganisha na ya ganda la 8×57 la kiwandani. Ukuta mnene hupunguza nafasi, na baruti ileile hupiga kwa nguvu zaidi. Anzia kiwango cha chini kabisa cha kitabu cha 8×57, kamwe si cha .30-06.

Mwishowe kitakoni bado pameandikwa .30-06. Risasi ya 8×57 huweza kuingia na kufyatuka kwenye chemba ya .30-06, ikilazimishwa kupita mtutu wa inchi .308. Chora mstari kwa wino usiofutika kitakoni mwa kila ganda, na uliweke kwenye kisanduku chake.