Aliyeungua uso usimpe kadi ya kijani kwa sababu tu anatembea

Dada, kabla hujabandika huo mpango wa dharura ukutani, futa mstari wa tatu. Umeandika: "Wote wanaotembea na kuongea wapewe kadi ya kijani, wakae nje chini ya mwembe mpaka tumalize wenye hali mbaya." Sisi tulifanya hivyo hivyo na mtu akafa. Tena umesema hospitali yenu ya wilaya iko kando ya barabara kuu ya malori, kama yetu.

Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, moto wa namna hiyo uliua zaidi ya watu 100. Sange kule Kongo, Julai 2010, zaidi ya 200. Letu lilikuwa dogo sana ukilinganisha na hayo, lakini lilitosha kujaza mapokezi.

Wa kwanza kufika waliletwa na bodaboda, wengi wakaingia mlangoni kwa miguu yao. Kijana mmoja alikaa kwenye benchi la nje, ameungua uso na mikono. Akatuambia, "Mimi sijambo, wahudumieni wale." Tukamwacha. Nywele za puani zilikuwa zimeungua, mate aliyotema yalikuwa na masizi, sauti imeanza kukwaruza. Hayo yote yanaonekana na kusikika bila mashine yoyote. Tuliporudi kwake alikuwa anavuta pumzi kwa mlio, koo limeshavimba, na mtaalamu wa usingizi akashindwa kupitisha mpira wa hewa. Mapema ungepita.

Na aliyetufundisha kanuni hiyo bado ananitia hasira. Alikuja na semina ya siku moja, akasimama mbele yetu kusema "anayetembea hafi leo", akagawa kadi za rangi, akaondoka. Kumtenga anayetembea ni hatua ya kwanza tu, ili mlango upumue. Baada ya hapo unawarudia mmoja mmoja na kuwapanga upya. Hiyo nusu ya pili hakuitamka, na ndiyo inayookoa watu.

Kwa hiyo umeuliza ununue nini, zamu za usiku uzipangeje, ndugu na waandishi wa habari uwazuie vipi. Anza na hili: aliyeungua uso au shingo, au aliyekuwa ndani ya gari au chumba chenye moshi, haendi kijani mpaka umemwangalia puani na mdomoni, ukamsemesha ukaisikia sauti yake. Ukiona masizi, midomo kuvimba au sauti kukwaruza, huyo ni kadi nyekundu, wa kuhudumiwa kwanza, hata kama amekuja anakimbia. Mkalishe wima, mpe oksijeni, mwite mtaalamu wa usingizi wakati huo huo. Kama huna, gari la rufaa liondoke naye kwanza, na mtu wa kumsaidia kupumua awe ndani.

Dripu ni baada ya hewa. Mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia ya ngozi iliyoungua, nusu yake iingie ndani ya saa 8 za kwanza. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 anahitaji mililita 7,200, na 3,600 ziishe ndani ya hizo saa 8. Saa zinahesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika kwako. Akichelewa saa 2 njiani, umebakiwa na 6. Andika saa ya kuungua kwenye kadi yake kwa kalamu nene.

Halafu chagua muuguzi mmoja wa kukaa na hao wa kijani. Asiitwe ndani kuweka kanula (kijimpira cha dripu mshipani), hata mganga mkuu akifoka. Kazi yake ni kuwazungukia kila robo saa na kuwasemesha. Sauti ikibadilika, kadi inabadilika papo hapo. Na usimpe mwanafunzi wa mazoezi kazi hiyo kwa kudhani ni nyepesi. Mpe mzoefu kuliko wote kwenye zamu.