Mafaili yamekuwa ya root: je, 777 na --privileged ni dawa?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Natumia Ubuntu, na mradi wangu wa Node nauendesha ndani ya kontena la Docker ili nisijaze laptopu vitu. Nikitoka kwenye kontena nakuta folda ya `node_modules` ni mali ya root (mtumiaji mkuu wa mashine), siwezi kuihariri wala kuifuta. Kwenye grupu letu la WhatsApp nimeambiwa nipige `chmod -R 777`, na ikigoma niongeze `--privileged`, eti hakuna ubaya maana kila kitu kiko ndani ya kontena. Ni kweli?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Marahaba. Si kweli. Swali hili linanijia mara kwa mara, hubadilisha nguo tu: leo Node, kesho PHP, keshokutwa Python.

Tatizo lako lenyewe ni dogo. Ingia kwenye folda ya mradi (ya mradi, usije ukafanya haya ukiwa kwenye mzizi wa diski) na uyarudishe mafaili kwa mwenyewe:

`sudo chown -R "$(id -u):$(id -g)" .`

Kuanzia hapo uwe unaingia hivi, kwa namba yako ya mtumiaji badala ya root:

`docker run --rm -it --user "$(id -u):$(id -g)" -v "$PWD":/kazi -w /kazi node:22 bash`

Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000, na imeji rasmi ya Node (kifurushi cha mafaili ambacho kontena huanzishwa nacho) ina mtumiaji `node` mwenye namba hiyo hiyo, kwa hiyo huenda mambo yakaenda bila kelele. Kama namba yako ni nyingine, terminali itakuandikia `I have no name!`. Usishtuke, ni kwamba tu namba hiyo haimo kwenye orodha ya watumiaji wa imeji. Npm ikilalamika kuwa imekatazwa kuandika kwenye `/.npm`, ongeza `-e HOME=/tmp`.

Kinachonichosha mimi ni hilo neno "kiko ndani ya kontena". Watu wanadhani kontena ni kompyuta nyingine ndogo iliyofungiwa ndani ya laptopu. Ni prosesi ya kawaida ya Linux, ila imewekewa pazia isione prosesi za wenzake, ina mtandao wake na mafaili ya imeji yake. Keneli, yaani kiini cha Linux, ni ile ile moja. Jaribu mwenyewe: ndani ya kontena, bila `--user`, andika `sleep 600`. Fungua terminali nyingine huku nje, andika `ps aux | grep sleep`. Hiyo hapo sleep yako imejianika, na safu ya kwanza inasema root.

Root huyo si wa kuigiza. Keneli haijui majina, inajua namba, na kwa mipangilio ya kawaida ya Docker, 0 ya ndani ndiyo 0 ya nje. Na folda uliyoipitisha kwa `-v` si nakala, ni ile ile iliyo kwenye diski yako. Kwa hiyo aliyeandika `node_modules` ni root wa laptopu yako, kupitia mlango uliomfungulia wewe. (Mwenzako wa Mac atakwambia kwake halitokei. Docker Desktop yake inaendesha Linux ndani ya mashine pepe, asikupe ushauri.)

Sasa hao waganga njaa wa magrupu. 777 maana yake kila mtumiaji na kila programu kwenye mashine inaweza kusoma na kuandika. Git itakuonyesha mafaili lukuki yamebadilika wakati hujagusa hata herufi, kisa yamepewa ruhusa ya kuendeshwa. Ukiipiga kwenye home nzima, na nimewaona waliofanya hivyo, SSH itakataa ufunguo wako kwa onyo la `UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE!`, nawe utarudi kwenye grupu kuomba dawa nyingine.

`--privileged` haihusiani kabisa na shida yako; haibadilishi mwenye faili. Inachofanya ni kuondoa vizuizi vya root aliye ndani: kontena linapewa mamlaka yote ya root na vifaa vyote vya mashine. Root aliye ndani anaweza kuichukua diski yako, tuseme `/dev/sda1`, akai-mount na kuisoma yote. Na kumbuka humo ndani kuna nini: `npm install` inaendesha skripti za watu usiowajua hata kwa sura.

Kuna balaa jingine linalofanana na hili, na linapita kimya kuliko yote: `-v /var/run/docker.sock:/var/run/docker.sock`. Nimeukuta mstari huo kwenye seva ya ofisi moja, umenakiliwa kutoka kwenye video, na hakuna aliyejua kwa nini upo. Anayeifikia soketi hiyo (mlango ambao Docker hupokelea amri) anaweza kuiagiza Docker ianzishe kontena jipya lenye `-v /:/host`, na hapo mashine yote ni yake. Vivyo hivyo na kujiweka kwenye kundi la `docker` ili usiandike `sudo`: nyaraka za Docker zenyewe zinaonya kwamba kundi hilo linatoa mamlaka ya kiwango cha root. Kwenye laptopu yako ya peke yako, haya, ni hiari yako. Kwenye seva mnayoingia watu sita, kila mliyemweka humo mmemkabidhi root bila nenosiri.