Medi-Share au Samaritan? Anza na kisukari cha shemeji

Dada, umeuliza ipi bora kati ya Medi-Share na Samaritan, vyama vya kuchangiana matibabu, kwa familia yenu hapo Texas, na shemeji ana kisukari. Bei ya mwezi iache kwanza. Zote mbili si bima: ni Wakristo wanaochangiana matibabu, na hakuna anayebanwa kisheria kulipa bili yako. Sheria ya afya ya Marekani ya 2010 (Obamacare) inakataza kampuni ya bima kumkataa mtu au kumpandishia bei kwa ugonjwa aliokuja nao. Hawa wa michango haiwabani. Fungua kanuni zao, usome sehemu ya magonjwa ya kabla ya kujiunga mpaka nukta ya mwisho, maana gharama ya insulini inaweza kutoka mfukoni mwenu.

Samaritan wanachama hutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na hospitali unaingia kama mlipa taslimu, punguzo unaliomba mwenyewe. Kama huwezi kubishana na watu wa bili, utachoka. Medi-Share wana mtandao wa madaktari, ila kuna kiasi mnachobeba nyinyi kwanza kila mwaka.

Na vyama hivi hufa: Sharity, chama kingine cha michango kama hivi, kilifilisika 2021, wanachama wakaachiwa bili zao.

Ningekuwa wewe, shemeji ningemkatia bima HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununulia bima, usajili hufunguliwa Novemba 1. Nyinyi wazima ndio mjaribu michango, mkijua kwamba ukijitoa katikati ya mwaka, kujitoa kwenyewe hakukupi nafasi ya kuingia bima. Unasubiri Novemba.