Gauni langu la jukwaani na kovu nililolificha

Kwa miaka miwili niliimba nikiwa nimevaa mikono mirefu, hata chini ya taa za jukwaani zinazochoma. Nina kovu la moto mkono wa kushoto, kutoka kiwikoni hadi karibu na kiganja, na nilishaamini kwamba watu wakiliona hawatausikia wimbo.

Siku moja nikatazama video ya onyesho langu bila sauti. Kila nilipoinua maiki, mkono wa gauni uliteleza kidogo, na mkono wangu wa kulia ukakimbilia kuuvuta. Wimbo mzima! Nililia, kwa sababu niliona nilikuwa kazini kulinda siri, si kuimba.

Gauni lenyewe lilinibana kiuno pia. Ukivuta pumzi ya kuimba, kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu, kinashuka, tumbo linasogea mbele, mbavu za chini zinatanuka. Nguo ikibana hapo, pumzi inaishia kifuani, mabega yanapanda, na noti ndefu inakatika njiani. Mimi nililaumu sauti yangu.

Kwa hiyo, kabla ya onyesho, vaa nguo yako uimbe wimbo wako mgumu kuliko yote, mwanzo hadi mwisho, ukiinama na kuinua mikono. Kisha jiulize: nguo hii inanilinda, au mimi ndiye ninayeilinda?

Sisemi kila mtu ajifunue. Billie Eilish, mwimbaji wa Marekani, alijulikana kwa nguo pana mno, na alieleza kwamba hakutaka watu wauhukumu mwili wake. Huo ni uamuzi wake, na ndani ya nguo zile alikuwa huru. Cesária Évora wa Cape Verde aliimba peku kwenye kumbi kubwa za dunia. Miriam Makeba wa Afrika Kusini alipanda majukwaa ya Marekani miaka ya 1960 na nywele zake za asili, wakati wengi walinyoosha zao. Ninawapenda wote watatu kwa sababu hiyohiyo: uamuzi ulikuwa wao.

Gauni langu sikulitupa. Fundi alilikata mikono na kuachia mishono ya kiunoni. Usiku ule, wimbo wa kwanza nilitetemeka, na waliokaa mbele waliliona kovu, najua. Wimbo wa pili nikashtuka kwamba mkono wa kulia hauna kazi. Sikujua niuweke wapi. Nikaunyoosha kwa watu, wakapokea kiitikio.